Mota hufia kilimani, ugonjwa huanzia kiwandani

UKISIMAMA Ntinda, upande wa njia ya kupanda Naguru, utaona pikipiki za umeme zikipishana na za petroli. Uganda si mgeni katika jambo hili: Makerere ilionyesha gari la Kiira EV mwaka 2011, na basi la Kayoola linalosaidiwa na jua likafuata mwaka 2016. Hata hivyo, wanunuzi wengi huuliza betri tu. Mota haiulizwi, nayo ndiyo inayoweza kuunguza mtaji.

Ndani ya mota mna waya za shaba zilizosukwa kwenye chuma, kila waya ikiwa na utando mwembamba wa kuzuia umeme. Utando ukichubuka wakati wa kusuka, au vanishi ikiacha mapovu, mizunguko jirani huweza kupigana shoti. Mota itazunguka, tena vizuri tu kwenye tambarare, lakini pale palipogusana pamekwisha kuwa jiko. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto la waya huwa mara nne. Ndiyo maana kasoro iliyolala tangu kiwandani huamka siku bodaboda inapopanda Naguru na abiria na mzigo. Na mafundi wana hesabu yao ya jumla: joto likizidi kwa nyuzi 10, maisha ya utando hupungua kwa nusu.

Kuna pia waya ya alumini iliyovikwa shaba. Kwa macho huitambui. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 tu ya shaba.

Sasa wewe unayerejea nyumbani na akiba yako, au unayevusha maboksi Malaba na Busia, utajuaje? Mita ya kawaida haisaidii sana, kwa kuwa ukinzani wa koili hizi mara nyingi ni chini ya omu moja. Tafuta fundi mwenye mita ya miliomu: waya kubwa ni tatu, jozi ni tatu, na vipimo vyote vilingane. Kisha tenganisha waya hizo, zungusha mota kwa mkono. Ikiwa nzito kuliko wenzake wa boksi moja, itie shaka.

Shoti changa hupenya hata hapo. Hiyo hukamatwa kwa kipimo cha pigo la volti, ambacho hufanyika kiwandani. Dai karatasi yake, yenye namba ya kila mota, kabla ya kumalizia malipo. Ukishavuka mpaka na ushuru umelipwa, atakayebaki kukusikiliza ni fundi wa kusuka mota, naye atataka pesa ya shaba kwanza.