Kaulizwa Atazaa Lini, Kataja Kifungu cha Sheria

Leo naomba niongee, hili jambo limenikaa rohoni.

Kuna dada mmoja wa huku kwetu Mwamkulu, jina nalihifadhi. Kasomea rasilimali watu, kazi yake ya mkataba iliisha mwaka jana. Juzi kati kaitwa usaili kwenye kampuni moja kubwa (nayo naihifadhi), nafasi ya meneja rasilimali watu. Mama yake kauza magunia mawili ya mpunga kwa bei ya hasara ili mtoto apate nauli ya treni mpaka Tabora na basi la kuendelea mbele.

Jopo la watu wanne. Mishahara, nidhamu, migogoro ya wafanyakazi, yote kayajibu. Mwishoni bosi mmoja kaegemea kiti: "Binti, umeolewa? Unategemea kuzaa lini? Hatutaki mtu wa kutukimbia likizo."

Dada kajibu kwa upole: "Samahani mzee, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa ujauzito, ndoa au majukumu ya familia. Na anayeomba kazi naye yumo." Chumba kimya. Kaambiwa watampigia. Simu mpaka leo haijalia.

Sasa huku mtaani lawama zote kwake. Eti kajifanya mjuaji, angesema tu hana mpango wa mtoto, apate kazi kwanza. Hata mimi siku ya kwanza niliwaza hivyo hivyo, sifichi.

Ila hebu fikirieni, kazi yenyewe ni ipi? Si ndiyo ya kusimamia likizo ya uzazi, siku 84, na 100 kwa mama wa mapacha? Si ndiyo ya kumwambia bosi "hapa mzee unavunja sheria"? Angelimeza lile swali ili apate kiti, kesho dada wa mapokezi akija analia kafukuzwa kwa sababu ya mimba, angemtetea kwa mdomo gani? Mimi naona walikuwa wanatafuta mgonga mhuri, siyo meneja. Na kaka aliyeingia baada yake, walikutana stendi wakapiga stori: ana watoto wanne na hakuulizwa hata mmoja. Jamani!

Dada yuko shambani na mama yake. Jana kaja kuniomba nimuunganishie intaneti ya simu yangu, anatuma maombi sehemu nyingine. Nikamuuliza wakikuuliza tena je? Akacheka, akasema kifungu ni kile kile.