Kabla ya kumwita fundi, mtafute msanifu

Wakazi wengi wa mijini huja kwa daktari kutafuta dawa ya maradhi ambayo chanzo chake ni nyumba wanamoishi. Nasema hivi bila kumnyoshea mtu kidole, kwani mimi mwenyewe nilikosea.

Miaka kadhaa iliyopita mama yangu mzazi alitoka mashambani kuja kuishi nasi. Nikaamua kumjengea chumba na bafu nyuma ya nyumba. Jirani alinishauri nitafute msanifu wa majengo anichoree ramani. Nilipotajiwa ada yake, nilicheka. Nikamwita fundi, tukachora mchangani kwa kijiti, na kazi ikaanza wiki iyo hiyo.

Chumba kilipendeza. Bafu liliwekwa vigae vyeupe vya kung'aa, na ili maji taka yapate mteremko, fundi aliinua sakafu na kuacha kidato kimoja mlangoni. Kabla ya miezi mitatu kuisha, mama alijikwaa hapo usiku, akateleza na kuvunjika nyonga. Malipo ya upasuaji yalizidi mara kadhaa ile ada niliyoikataa, na mama hutembea kwa mkongojo hadi leo. Mimi niliyekuwa nikiwaonya wagonjwa kila siku kuhusu wazee kuanguka, nilimjengea mamangu mtego.

Tazama mitaa kama Buruburu na Umoja jijini Nairobi. Ilianza kujengwa miaka ya 1970 kwa ramani za wataalamu, kila nyumba ikiachiwa madirisha na nafasi ya hewa. Baadaye wenye nyumba wengi walijaza nafasi hizo vyumba vya kupangisha. Ukuta mpya ukaegemea dirisha la zamani, na chumba cha kulala kikageuka stoo.

Athari zake kiafya si ndogo. Viini vya kifua kikuu huelea hewani kwa saa nyingi katika chumba kilichofungwa, ilhali hewa inayopita huvipunguza na mwanga wa jua huviua. Ukuta usiokauka huota ukungu, na mtoto mwenye pumu hukohoa usiku kucha. Jiko la makaa likiwashwa mahali pasipo na dirisha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na familia nzima yaweza kulala isiamke.

Kisha kuna mapaa ya zamani ya asbesto. Kenya ilipiga marufuku bidhaa hiyo mwaka 2006, lakini mapaa yake yangalipo. Fundi asiyejua huyavunja kwa nyundo, na vumbi lake likivutwa laweza kuleta saratani baada ya miaka 20 au zaidi. Kazi ya kuyaondoa ni ya watu wenye leseni.

Najua jibu la wengi: msanifu ni wa matajiri. Sikubaliani nao. Nawaheshimu mafundi wetu, lakini fundi hujenga alichoagizwa. Kumwachia apange nyumba ni sawa na kununua dawa dukani bila kupimwa: huenda ukapona, na huenda ukaumia. Isitoshe, kubomoa ukuta uliokosewa ni ghali kuliko karatasi iliyochorwa vizuri.

Ikiwa kazi ni ndogo, mwombe msanifu aizuru nyumba na kuchora tu, kisha mpatane malipo kwa maandishi. Hakikisha jina lake limo katika sajili ya bodi ya wasanifu majengo, BORAQS, kwani matapeli ni wengi. Usimchanganye na mpambaji anayekuchagulia mapazia na rangi. Huyo ana kazi yake. Ramani ikiwa tayari, ipelekwe kwa serikali ya kaunti ili iidhinishwe. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, huhesabu nyumba iliyojengwa kwa namna ya kudhuru afya kuwa kero.

Msanifu naye hawezi kukisia maisha yako. Mweleze umri wa kila mtu nyumbani, nani ana pumu, nani anaumwa na magoti, na mnapikia nini. Uliza kuhusu hewa: wasanifu wengi hutaka dirisha lisipungue sehemu moja kwa kumi ya sakafu, yaani chumba cha mita 3 kwa 3 kipate dirisha la karibu mita mraba moja. Penye mzee, taka vigae vya kukwaruza, vyuma vya kushikilia bafuni na mlango wa kupitisha kiti cha magurudumu. Badala ya kidato, taka mteremko wa taratibu. Kimo cha sentimita 15 huhitaji urefu wa karibu mita 1.8.

Baada ya mama kutoka hospitalini nilimwita msanifu hatimaye. Swali lake la kwanza halikuwa la pesa. Aliuliza, "Nani analala humu, na usiku huamka mara ngapi?" Ni swali ambalo mimi, daktari, sikuwahi kujiuliza. Kidato kile kiliondolewa katika siku mbili. Wewe unayepanga kuongeza chumba mwaka huu, lijibu swali hilo kabla hujanunua mfuko wa kwanza wa simiti.