Mama Hakutoka: Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Forodha

Ndugu Mkuu wa Kituo,

YAH: KITI MWENDO CHA MAMA YANGU, PAMOJA NA CHAJA YAKE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sikutaji jina, wala siutaji uwanja wa ndege ulipo, kwa sababu sitaki kesi, na kwa sababu jalada unalo mwenyewe. Ni lile lenye picha ya kiti cheusi cha magurudumu manne, ambalo kijana wako aliliandika juu kwa kalamu nyekundu: "Pikipiki ya umeme."

Naomba tuanzie hapo kwenye kalamu nyekundu. Katika orodha ya namba za bidhaa inayotumiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, pikipiki zimo kwenye 87.11. Viti vya watu wenye ulemavu, vyenye mota na visivyo na mota, vimo kwenye 87.13. Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya, ya mwaka 2004, linasamehe ushuru wa vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu, hata gari moja likiwemo. Haya yote unayajua kunishinda. Mimi ni muuguzi tu. Nimeyasoma usiku, kwenye simu, nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda cha Mama pale Ngamiani, Tanga, wakati kiti chenyewe kimefungiwa kwenye ghala lako.

Sijui kama umewahi kuelezwa mazungumzo ya siku tuliyotua na kiti, kati yangu na kijana wako, kwa hiyo nakuandikia.

"Mama, hiki kina mota."

"Ndiyo, kina mota."

"Kina betri. Kina taa." Kweli kina taa, mbili mbele na mbili nyuma, maana huko kilikotengenezwa wazee wanatoka hata jioni. "Basi hiki ni chombo cha moto. Namba ya chasisi iko wapi?"

Baba watoto alicheka, akadhani ni utani wa kumkaribisha mgeni. Haukuwa utani. Tulitoa barua ya daktari wa Mama. Ikaonekana haihusiani na pikipiki. Tulitoa risiti, kwa kuwa kiti ni cha mtumba, nilikinunua Hamburg kwa mtoto wa mzee aliyefariki, na mtoto yule aliandika kwa mkono wake bei na tarehe. Risiti ikakataliwa kwa kuwa ni ya Kijerumani na haina muhuri. Kijana wako akatafuta kwenye simu yake kiti kinachofanana, kipya, cha dukani, akaandika bei ile kuwa ndiyo thamani ya mzigo wetu. Halafu akatuambia neno ambalo ndilo hasa limenifanya nikuandikie.

"Njooni kesho."

Sasa nikueleze huyo mama ni nani, maana kwenye jalada anaitwa "mpokeaji". Sukari ilimchukua mguu wa kulia chini ya goti. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa njia. Tanga ni mji tambarare, mji wa baiskeli, na Mama alikuwa akiikata Ngamiani kwa miguu, barabara ya kwanza hadi ya mwisho, akijua nyumba gani ina mgonjwa na nyumba gani ina kijakazi mpya. Baada ya kukatwa mguu tulimnunulia kiti cha kusukuma. Magurudumu yake ya mbele yaliisha kwenye mchanga wa vichochoro, na hata kabla hayajaisha hakukipenda, kwa sababu kila safari ilimpasa amwombe mtu. Kisha ikaja harusi ya mjukuu. Vijana wakambeba kumshusha kwenye gari, kanga ikavuka mbele ya wakwe. Toka siku hiyo alitangaza kwamba yeye si gunia la nazi, habebwi tena na mtu, na kama kutoka ni kwa kubebwa basi hatoki.

Kwa hiyo likizo yetu ya kiangazi ilipangwa yote juu ya kile kiti. Siyo kwamba kiti kilikuwa zawadi mojawapo kati ya zawadi. Kiti ndicho kilichokuwa safari.

Wewe ni mtu wa hapa hapa, sina haja ya kukufundisha jinsi mtu anavyorudi kwao. Mtu haingii kwa ndugu kama anaingia dukani. Anapelekwa. Anapelekwa na mkubwa wake, naye mkubwa ndiye anayejua pa kuanzia, kwa sababu ukianza kwa mjomba mdogo kabla ya mkubwa habari zako utazisikia kwenye msiba. Mkubwa ndiye anayejua nani hasemezani na nani, nani alikopa na hajalipa, mjane gani hajahaniwa. Kwetu mtu huyo ni Mama. Na Mama hakutoka.

Tulikwenda Muheza kumhani mke wa mjomba, aliyefiwa mwezi wa Ramadhani. Kabla hatujakaa mkekani mjane akauliza: "Mama yenu yuko wapi?" Nikasema yuko nyumbani, kiti chake kimezuiwa forodha. Akanitazama kama mtu anayesikia uongo mbaya, wa mtoto aliyekaa Ulaya mpaka akasahau kutunga uongo mzuri. Mzee mmoja pale akamshika mwanangu wa kiume mkono, akamwita kwa jina la babu yangu, akaanza kulia. Mwanangu akanigeukia: "Huyu ni nani kwetu?" Nilijua nusu. Nilijua ni wa upande wa bibi, wa Korogwe. Nusu nyingine, ile inayoeleza kwa nini mtu mzima analia akimwona mtoto wa miaka 14, anayo Mama. Jioni tulipomsimulia akajaribu kutueleza yule ni nani, lakini mtoto alikuwa ameshalala, na mzee yuko Muheza, na maneno ya namna hiyo husemwa watu wakiwa wamekaa pamoja.

Kisha kuna mama mdogo. Mdogo wake Mama wa tumbo moja anakaa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Macho yake yamekwisha, hasafiri. Mama hana mguu, habebwi. Hawajakutana tangu mguu ulipokatwa, wanasikilizana kwenye simu, na mama mdogo, kwa kuwa haoni, kila mara huuliza, "Umenenepa au umekonda?" Mpango ulikuwa tumpeleke. Nilishaulizia: pantoni la Pangani lilikuwa likipakia pikipiki, baiskeli, mbuzi na magunia. Hata kama kiti kile ni pikipiki, kama ofisi yako inavyoamini, kingevuka. Mama alishaandaa kanga ya kuvaa. Siku tuliyokuwa twende ndiyo siku kaka yangu aliyokwenda kwako tena, akaambiwa afisa mwenye jalada yuko kwenye semina. Tulikwenda sisi. Mama mdogo akatushika nyuso mmoja mmoja, mimi, baba watoto, watoto wawili, kisha akanyoosha mkono kwenye nafasi iliyobaki akisubiri uso wa tano. Mama hakutoka.

Utasema, kwa nini hamkununua kiti kingine cha kusukuma pale Tanga? Hilo ndilo nataka ulisikie vizuri. Tungenunua. Angekipokea kwa kununa, lakini kwa ajili ya mdogo wake angekikalia. Kama siku ile ya kwanza mngetuambia, "Hiki hakitoki mpaka mwezi ujao," tungekwenda dukani keshoye. Hamkusema hivyo. Mlisema kesho. Kesho ikawa "mtandao uko chini". Kesho ikawa "leteni TIN ya mpokeaji", namba ya mlipa kodi ya mama wa miaka 71 anayeuza ubuyu barazani. Kesho ikawa tafsiri ya risiti, na tafsiri ilipoletwa kesho ikawa bosi hajasaini. Kuna siku kijana mmoja alimwambia kaka yangu amfikirie hela ya soda. Hiyo naiweka pembeni, si soda iliyonichoma. Mtu anayenyimwa kitu hujipanga upya. Anayeahidiwa kesho hukaa palepale na mkoba begani, na sisi tulikaa hivyo mpaka likizo ikaisha.

Nayo haiongezeki. Ninakokaa, Hamburg, shule ni lazima kwa sheria. Mzazi akimchelewesha mtoto baada ya likizo anaweza kupigwa faini. Kazini kwangu ratiba hupangwa miezi kabla. Na kazi yangu, ndugu Mkuu, ni kuwahudumia wazee. Kila siku nawavalisha mama za watu, nawaweka kwenye viti kama kile, nawatoa nje wakaone mto Elbe na meli. Nimeshawatoa mama za watu wengi mno. Nilikuja nyumbani kumtoa wangu.

Kiti kilitoka. Nisije nikaonekana msahaulifu wa fadhila. Kilitoka wakati sisi tumesharudi, na barua ya ofisi yako, yenye muhuri wa duara na lugha nzuri kabisa, inasema kwamba "baada ya uhakiki wa kina" kifaa kimeonekana ni cha mtu mwenye ulemavu na hakistahili ushuru. Hongereni kwa uhakiki. Kiti chenye mahali pa kuegesha miguu na mkanda wa kumfunga mgonjwa kimechukua msimu mzima kujulikana ni kiti. Serikali imepata shilingi sifuri ya ushuru. Sisi tumelipishwa gharama za kukihifadhi, kwa muda ule mlioutumia kugundua kwamba hatudaiwi. Kaka yangu alikatwa mshahara kwa siku alizoshinda kwenye benchi lenu. Nauli za kwenda na kurudi sizitaji.

Na chaja haimo.

Nitairudia chaja. Kwanza niseme hili, kwa kuwa najua barua hii itasomwa pia na wakubwa zako. Kila kiongozi anayepita Ulaya hutukusanya kwenye ukumbi, tunakula sambusa, tunaambiwa sisi ni nguvu kazi ya taifa, tulete mitaji, tujenge nyumbani. Tunapiga makofi. Watoto wangu wana pasipoti za Ujerumani. Walilipa viza dola 50 kila mmoja ili wakamsalimie bibi yao. Kenya imeruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010, Ujerumani yenyewe ikafungua mlango kwa wote Juni 2024, na sisi Sheria ya Uraia ya 1995 bado inamtaka mtu mzima achague. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, nzuri tu kuisoma. Lakini mtu wa kaunta hana sheria hata moja kati ya hizo mkononi. Ana kalamu nyekundu na neno kesho, na hakuna anayemuuliza. Mtu akirudi na kontena la mitaji sina shaka atapokelewa kwa ngoma. Aliyerudi na kiti cha mama yake anaulizwa chasisi.

Ninachoomba si kikubwa. Bandika pale kaunta karatasi moja inayosema 87.13 si 87.11, kwa maandishi makubwa. Vifaa vya wagonjwa na walemavu vitolewe siku hiyohiyo kwa mtu kuacha sahihi na anwani, uhakiki ufuate nyuma. Mkituona ni matapeli wa viti, Ngamiani mnaijua. Gharama za hifadhi zirudishwe, maana hakuna mwenye duka anayemlipisha mteja muda ambao karani wake alikuwa anapotea. Na afisa asiyejua jibu aandike "sijui" kwenye fomu, kwa kalamu ya rangi yoyote, ili mwananchi ajue ajipange vipi. Kuomba radhi sitakulazimisha. Ukitaka, umwombe Mama, si mimi.

Sasa chaja. Fomu ya kupokelea mzigo, yenye saini ya kijana wako, inasema "kiti 1, chaja 1". Fomu ya kutolea inasema "kiti 1". Betri imeisha. Fundi wa Barabara ya 8 amejitolea kuunga chaja ya kienyeji, nimemkataza, kwa kuwa betri ya lithiamu haijaribiwi ndani ya chumba anacholala mtu asiyeweza kukimbia. Kwa hiyo kiti kipo ukumbini, kimefunikwa kitambaa ili kisipate vumbi, na Mama bado hajatoka.

Kaka yangu atafika ofisini kwako na nakala za fomu zote mbili. Ili msipoteze muda kwenye uhakiki: chaja ni nyeusi, ukubwa wake kama kitabu, plagi yake ni ya Ulaya, yenye vyuma viwili vya mviringo, na mwisho wa waya una kichwa cha matundu matatu. Ni ya volti 24. Haichaji simu wala kompyuta, kwa hiyo aliyeichukua haimfai kitu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi, Hamburg
Nakala: Kaka, Tanga