Ulegevu Unaoitwa Urahisi

Wako walimu wanaoshikilia kwamba lugha ya kompyuta inayomfaa mwanafunzi anayeanza ni Python, ati kwa kuwa haimsumbui. Nakataa. Guido van Rossum, aliyeitoa mwaka 1991, alifanya jambo moja la busara: mistari iliyo chini ya amri fulani sharti isogezwe ndani, la sivyo programu haikubaliwi. (Wanaoilalamikia sheria hii hawajapata kusahihisha madaftari arobaini usiku mmoja.) Lakini kwenye majina ukali huo umekwenda wapi? Jina "umri" laweza kubeba namba 12, kisha mistari miwili baadaye likabeba neno "kumi", na Python isiseme kitu. Programu huanguka ifikapo mahali pa kujumlisha, na mwanafunzi hutafuta kosa hapo, kumbe lilitendeka mistari hamsini nyuma.

Pascal ya Niklaus Wirth, ya mwaka 1970, iliyobuniwa kwa kufundishia, humtaka atangaze kwanza kwamba umri ni namba. Akikiuka, programu haianzi. Python nayo ilirasimisha matangazo ya namna hiyo mwaka 2015, ila inapoendesha programu haiyajali. Aliyetangaza namba huweka neno bila kukemewa.