Msiudharau Msasa

Wanafunzi wenzangu wa sayansi wanapenda kutupiga kwa methali moja: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Huitoa kila wanapomwona mtu anatumia siku tatu kupiga msasa na kupaka rangi ndege ndogo ya kurushwa kwa rimoti. Kwao, sayansi ni mota, betri na hesabu za mabawa. Rangi ni urembo, kazi ya mwisho, apewe yeyote asiye na la kufanya. Mimi napinga. Anayesema hivyo hajaielewa ndege, na baya zaidi, amejifunza kumdharau mtu anayemzidi ujuzi.

Tuanze na ndege yenyewe. Bawa la ndege ndogo ya kizamani ni mifupa ya mbao nyepesi ya balsa iliyofunikwa kwa karatasi nyembamba. Karatasi hiyo ikiachwa ilivyo, hulegea na kupitisha hewa. Ikipakwa vanishi yake maalumu, hujikaza kama ngozi ya ngoma, vitundu vyake huziba, na bawa zima huwa gumu. Ndege za kweli za Vita Kuu ya Kwanza, zilizovishwa kitambaa, zilipakwa kwa sababu hiyo hiyo. Sasa niambieni, urembo uko wapi hapo? Mpako huo ni sehemu ya bawa. Ukiuondoa, mnabaki kweli na vipande vya miti, wala haviruki.

Siku hizi wengi hutumia povu gumu jeupe, lile linalofungiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Nalo lina masharti yake. Rangi nyingi za kopo la kupuliza zina viyeyushi vinavyolila povu hilo mpaka bawa linajaa mashimo. Rangi ya maji hailidhuru. Anayeijua tofauti hiyo anajua kemia, hata kama hakuisomea darasani.

Kisha kuna uzito. Chukua ndege ya gramu 800, mkia wake ukiwa sentimita 60 nyuma ya mahali inapopata mizani, na pua yake sentimita 20 mbele. Ukiupaka mkia rangi nzito ya gramu 10 tu, itakubidi uweke gramu 30 za risasi puani ili mizani irudi. Umeongeza gramu 40, yaani asilimia 5 ya ndege nzima, kwa sababu ya mkono mzito. Hesabu hiyo ni ya nyenzo, tuliyofundishwa sekondari. Wanaoibeza rangi wanaijua ubaoni, ila hawaitambui ikiwa ndani ya kopo.

Na kuna macho. Ndege yenye mabawa ya mita 1.2, ikiwa mita 150 kutoka kwako, haizidi punje ya mchele uliyoishika kwa mkono ulionyooshwa. Ikiwa inakuja, kulia kwake ni kushoto kwako. Ikigeuka huku hujatambua, unaiongoza upande usio wake, na inaanguka. Kwa hiyo juu ya mabawa hupakwa mchoro mmoja, na chini mwingine ulio tofauti kabisa, mistari mipana, iliyokolea kwenye iliyofifia. Simama hapa Kiriri saa kumi na moja jioni, uangalie ziwani, jua likiteremkia milima ya Kongo. Rangi zote huwa kivuli. Nakshi ndogo ndogo hazikusaidii kitu. Mistari mipana tu ndiyo yenye nafasi ya kuonekana. Kuupanga mchoro huo ni kazi ya anayerusha, wala si ya mpambaji.

Najua jibu lao: kama rangi ni mzigo, basi tuiache. Mfano wao upo. Tangi kubwa la nje la chombo cha anga cha Marekani lilipakwa rangi nyeupe katika safari mbili za kwanza, mwaka 1981. Baadaye rangi hiyo iliachwa, na takriban kilo 270 zikaokolewa. Lakini mfano huo unanisaidia mimi. Walioiacha waliipima kwanza, wakajua inafanya nini na inagharimu nini. Kuacha rangi kwa hesabu ni uhandisi. Kuiacha kwa dharau ni uvivu.

Sasa nifike panaponiuma. Teremka kutoka mlima huu hadi Buyenzi, kwenye magereji. Utamkuta fundi anayepitisha kiganja juu ya mlango wa gari na kukuambia palipo na bonde ambalo jicho halilioni. Anajua rangi gani inakataa kushika juu ya nyingine, na hujaribu kwanza pembeni pasipoonekana. Tunamwita fundi rangi, tena kwa sauti ya chini, kana kwamba ujuzi usio na diploma ni ugonjwa. Sisemi anajua yote. Rangi ya gari hupendwa nene na yenye kung'aa; ya ndege hutakiwa nyembamba, na hilo atajifunza kwetu. Ila kiganja chake hakiuzwi dukani, na hakuna kitabu kitakachotupa.

Msidhani nazungumzia michezo ya watoto. Hapo jirani Rwanda, tangu Oktoba 2016, ndege ndogo zisizo na rubani, zenye mabawa, hupeleka damu hospitalini zikianzia Muhanga. Ni jamaa wa karibu wa hizi tunazounda sisi. Kazi hiyo ikija Burundi, ndege zitapasuka ngozi, zitakwaruzwa, zitahitaji kuzibwa, kupigwa msasa na kupakwa bila kuongezewa uzito. Nani atafanya? Aliyefundishwa kwamba hiyo ni kazi ya asiye na la kufanya?

Nataka mambo matatu, na si makubwa. Kila mradi wa ndege upimwe kwenye mizani kabla ya rangi na baada ya rangi, na tofauti iandikwe kwenye ripoti. Umaliziaji upewe alama zake, sawa na mota. Na fundi wa Buyenzi aalikwe kufundisha, aitwe mwalimu, alipwe kama mwalimu. Anayeona aibu kufundishwa naye, na aanze kwa kumwonyesha bawa alilopaka mwenyewe.