Mtu Si Mavazi Wala Simu

Mwanafunzi, katika hadithi "Mapenzi ya Kifaurongo" ya Kenna Wasike, Penina anamwacha Dennis baada ya Dennis kukosa kazi. Usimlaumu Penina pekee. Je, wewe huwapimi wenzako kwa viatu na simu? Tamaa hii aghalabu huanzia nyumbani. Mzazi akikopa ili afanye sherehe ya kujionyesha, ilhali karo haijalipwa, mtoto hujifunza kwamba sifa za majirani zina thamani kuliko elimu yake. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na vingine vimeundwa kwa deni! Anayependwa kwa alicho nacho huachwa siku kinapokwisha. Basi jitafutie visivyonunulika dukani: maarifa, bidii na utu.