Kwaya Ndani ya Video Si Kufuru

Msanii wa Bongo Fleva akiweka msalaba, kwaya au joho la padri kwenye video yake, hukumu hutoka kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio: amekufuru, au ameingia Freemason. Mwaka 2022 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliagiza vituo vya utangazaji visirushe video ya "Mtasubiri" ya Diamond Platnumz na Zuchu, kwa sababu ya kipande cha mwanakwaya anayeiacha kwaya kanisani na kufuata mambo ya mapenzi. Imani kwamba kitu kitakatifu kikikaa karibu na tamaa za dunia basi kimetukanwa ni imani potofu, na sisi wa Mwanza ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kuikataa.

Bujora, pale Kisesa mkoani kwetu, Padri David Clement kutoka Kanada alijenga kanisa la duara kwa mfano wa nyumba ya mtemi wa Kisukuma, na altare yake ikachukua umbo la kiti cha enzi. Bulabo, sherehe kubwa ya ngoma, ilifungamanishwa na sikukuu ya Ekaristi. Baada ya maandamano ya Sakramenti, uwanja ni wa Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, na hawa hawachezi kwa upole: kuna wanaocheza na chatu, wanabezana kwa nyimbo, na kila upande hutegemea dawa ya kuwavuta watazamaji watoke kwa mpinzani. Mgeni akikatiwa dakika moja ya picha za pale ataapa kwamba uchawi umevamia kanisa. Akikaa kutwa ataona watu waliokuja mbele ya Mungu wao bila kuficha majigambo yao wala hofu yao ya kushindwa.

Nitaambiwa kwamba Bujora palikuwa na padri, ilhali Diamond anatafuta pesa. Bagalu nao wanatafuta ushindi, na kutafuta hakufuti maana. Cha kuuliza ni picha ile inafanya kazi gani ndani ya kisa. Katika "Mtasubiri" anayeonekana dhaifu ni mwanakwaya. Kanisa ni mahali alipopaswa kubaki. Uchungu wa waumini ni wa kweli, tena zipo kazi zinazodhihaki dini waziwazi, lakini uchungu wa mtazamaji hauthibitishi nia ya msanii. TCRA na baraza la sanaa, BASATA, kabla ya kufungia kazi, itazameni mpaka mwisho, mwiteni aliyeitunga, kisha andikeni hadharani ni kitu gani kimetukanwa na kwa namna gani. Mkishindwa kukitaja, iacheni irushwe.